Usiwape mada, wape kisa: mambo ya jamii katika darasa la mazungumzo ya Kiingereza

Mwalimu anaandika ubaoni neno "Unemployment", anageuka, anasema wajadili. Kimya. Baadaye wawili walio hodari wanasema serikali ifanye hivi na vijana wafanye vile, wengine wanaitikia kwa kichwa, na dakika saba hazijatimia mada imekwisha. Mwalimu anaondoka akiamini wanafunzi wake ni waoga au hawajui kitu.

Kosa si lao. Neno moja kubwa halina mtu ndani yake, halina uamuzi wa kufikia, wala halimpi mtu sababu ya kumsikiliza mwenzake. Hata kwa Kiswahili, ukimwambia mtu ghafla "haya, jadili ukosefu wa ajira," atababaika. Kwa Kiingereza amebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kutafuta la kusema, na kutafuta namna ya kulisema. Kazi ya mwalimu ni kumpunguzia mzigo wa kwanza ili nguvu zake ziende kwenye wa pili.

Njia ya kufanya hivyo ni kuikata mada mpaka ibaki kisa kifupi, cha maneno 80 hadi 120. Ndani yake wawe watu wawili au watatu ambao kila mmoja ana haki yake, kiwepo kitu wanachokigombania, uwepo mpaka wa muda au fedha au nafasi, na mwishoni kuwe na uamuzi ambao kikundi kinapaswa kuutoa. Ukikosekana huo wa mwisho, umewapa hadithi ya kusoma tu, na mazungumzo hayatatokea.

Chukua kelele za majirani. Muuguzi wa kike anafanya kazi zamu ya usiku, anarudi nyumbani saa mbili asubuhi na anahitaji kulala mpaka saa nane mchana. Chini yake anaishi seremala wa kiume ambaye karakana yake ni uani. Anaanza kupiga msumeno saa tatu asubuhi kwa sababu anautegemea mwanga wa jua, na ana oda ya kukabidhi ndani ya wiki mbili. Mwenye nyumba amewaambia waelewane kabla ya Ijumaa, la sivyo atapiga marufuku kazi zote za uani. Kikundi kitoe ratiba ya wiki moja ambayo wote wawili watakubali kuitia saini.

Kisa hiki kimepangwa hivyo kwa makusudi. Hakuna mbaya wala mzuri, kwa hiyo darasa haliwezi kukubaliana katika sentensi ya kwanza. Mmoja ni mwanamke na mwingine mwanamume, kwa sababu Kiswahili kina "yeye" moja tu, na mwanafunzi anayechanganya "he" na "she" hapa hataeleweka; wenzake watamuuliza ni nani anayesemwa, naye atajirekebisha mwenyewe bila mwalimu kufungua mdomo. Ratiba nayo inalazimisha kutaja saa, na saa ni mtego wa kweli kwa anayezungumza Kiswahili. Saa mbili asubuhi inatoka kinywani ikiwa "two in the morning", na muuguzi wetu anajikuta anarudi nyumbani usiku wa manane. Tofauti ni ya saa sita, na wanafunzi wanaigundua pale ratiba za vikundi viwili zinapogongana.

Mada nyingine hukatwa vivyo hivyo. Badala ya "vijana na teknolojia", mtoto wa miaka 13 anataka kukaa na simu chumbani usiku, wazazi wake hawakubaliani, na wanapaswa kuandika masharti matano. Badala ya "kutunza wazee", ndugu watatu wanagawana majukumu ya mama yao anayehitaji mtu kila siku: mmoja anaishi karibu lakini hana kazi, mmoja ana mshahara lakini yuko mbali, mmoja ana watoto wachanga. Badala ya "usafi wa mazingira", familia sita zinatumia ngazi moja na moja kati yao haifagii kamwe. Katika kila kisa kikundi kinatoka na kitu kilichoandikwa. Karatasi ile ndiyo inayowazuia kusema "tumemaliza" baada ya dakika mbili.

Kiwango gani, kazi gani

Mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unasaidia sana hapa ukiusoma kama orodha ya mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha. Mwanafunzi wa A2, yaani kiwango cha pili kati ya sita vinavyopanda kutoka A1 hadi C2, anaweza kubadilishana taarifa rahisi kuhusu mambo anayoyajua. Mpe suluhisho tatu zilizokwisha kuandikwa, achague moja na aongeze "because" moja. Usimwombe abuni suluhisho. Wa B1 anaweza kueleza maoni yake na kuyapa sababu fupi, kwa hiyo ratiba ya muuguzi na seremala inamfaa kama ilivyo. Wa B2 anaweza kupima faida na hasara za njia mbalimbali. Huyo mpe upande asioupenda autetee, kisha ajibu hoja za mpinzani moja baada ya nyingine.

Darasa likiwa na viwango mchanganyiko, kisa kibaki kimoja na kazi zitofautiane. Ni rahisi kuliko kuandaa visa vitatu, na mwishoni wote wanaweza kuzungumza pamoja kuhusu watu walewale.

Maneno kwanza, lakini machache

Vifungu sita hadi nane vinatosha. Vifungu, si neno mojamoja. Ukimpa mwanafunzi "complain" peke yake, atasema "complain him". Mpe "complain to someone about something". Kwa kisa cha kelele ningechagua "work nights", "make noise", "keep someone awake", "put up with", "complain to someone about", "come to an agreement" na "as long as". Viandike upande mmoja wa ubao na usivifute mpaka kipindi kiishe, maana mwanafunzi anayeinua macho kutafuta kifungu yuko kazini. Ukiandika ishirini, hataangalia hata kimoja.

Pamoja na vifungu hivyo, zitazame mapema sehemu ambazo Kiswahili chenyewe kitamvuta mwanafunzi pembeni. Hapa ndipo mwalimu anayezungumza Kiswahili ana faida kubwa kuliko mgeni, kwa sababu anajua kosa linatokea wapi.

Kubwa kuliko yote katika mjadala ni jibu la swali la kukanusha. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa "Hukubaliani naye?" anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha ni kweli, sikubaliani. Kwa Kiingereza, "Don't you agree with him?" ikijibiwa "Yes" maana yake ni nakubaliana. Watu wawili wanaweza kubishana dakika tano huku wakiwa upande mmoja. Wafundishe jibu kamili, "No, I don't" au "Yes, I do", na wakataze kwa siku hiyo kujibu kwa neno moja.

"Kujadili kuhusu" huzaa "discuss about". Kitenzi hiki cha Kiingereza hakitaki "about"; wanasema "discuss the noise". Lakini "talk about" na "a discussion about" ni sahihi, na ndiyo maana kosa linarudi hata kwa watu waliobobea. "Naona" inapotafsiriwa moja kwa moja inakuwa "I see", ambayo kwa Kiingereza ni nimeelewa. Anayetoa maoni aseme "I think" au "It seems to me". "Mimi naona" ndiyo inayoleta "Me I see", na tiba yake ni kulitilia mkazo neno "I" kwa sauti bila kuongeza "me".

"Kazi" inagawanyika mara mbili, "job" na "work". "Job" inahesabika, "work" katika maana hii haihesabiki. Seremala anaweza kuwa na "two jobs", hawezi kuwa na "two works". Katika mada ya ajira kosa hili litasikika kila baada ya sentensi tatu, kwa hiyo lishughulikie kabla hawajaanza. Vivyo hivyo "advice" na "information" hazina wingi. Anayetaka kuhesabu aseme "a piece of advice". Katika mada ya madeni, tenga "borrow from" kwa anayekopa na "lend to" kwa anayekopesha, kwani watu wengi hutumia "kuazima" kwa pande zote mbili.

"Lazima" ni neno linalohitaji dakika zake. Mjadala wa mambo ya jamii kwa Kiswahili umejaa lazima: lazima wazazi, lazima serikali, lazima tubadilike. Ikigeuzwa kuwa "must" kila mara, mzungumzaji anasikika kama anatoa amri. Chora ngazi ubaoni: "could" chini, "should" katikati, "must" juu, kisha waulize muuguzi angetumia ipi akimwomba jirani, na mwenye nyumba angetumia ipi. Wataona wenyewe kwamba nguvu ya hoja si nguvu ya kitenzi.

Kuna pia adabu ya kupinga. "Si kweli" tunaiambia rafiki bila ugomvi. "That's not true" usoni mwa mtu ni kali zaidi. "I'm not sure about that" au "I see your point, but" zinafanya kazi ileile bila kuchoma. Na "pole", neno letu tamu, halina pacha. Mtu akisimulia shida yake na mwenzake akajibu "Sorry" tupu, inaweza kusikika kama anaomba radhi kwa kosa alilolifanya yeye. "I'm sorry to hear that" inaondoa utata.

Hesabu ya dakika

Darasa la watu 12 likizungumza kwa pamoja dakika 12, na mwalimu asiseme hata neno, kila mmoja anapata dakika moja. Hilo halitokei, kwa sababu wawili au watatu hula dakika za wengine. Wakikaa wawiliwawili kwa dakika hizo hizo 12, kila mmoja anaweza kupata sita. Hakuna mbinu yoyote inayoshinda hesabu hii.

Kipindi cha saa moja hugawanyika vizuri hivi: dakika 5 kusoma kisa na kuhakikisha kimeeleweka, 8 za vifungu, 3 za kufikiri kimya, 12 za wawiliwawili, 12 za wanne wanne, 8 za vikundi kuripoti uamuzi, na 10 za masahihisho. Mbili zilizobaki zitaliwa na kuhamisha viti.

Zile dakika 3 za kimya ndizo walimu wengi huziruka, na ndizo zinazookoa wanafunzi wapole. Waruhusu kuandika maneno yasiyozidi kumi, si sentensi. Anayeandika sentensi ataisoma, na kusoma kwa sauti si kuzungumza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, aligundua kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Kama sekunde tatu zinahitajika kwa anayejibu swali la somo, fikiria anayejibu kwa lugha ya kigeni. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujaongeza neno.

Kuanzia wawili kwenda wanne kuna faida yake. Hoja iliyosemwa mara moja kwa mtu mmoja hutoka laini zaidi mara ya pili. Ukitaka kuongeza kasi ya kusema, tumia zoezi la 4/3/2 ambalo Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, aliliandikia sana: mwanafunzi anaeleza jambo lilelile kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2, kila mara kwa msikilizaji mpya. Msikilizaji akiwa yuleyule zoezi linakufa, kwa kuwa hakuna anayetaka kurudia habari kwa mtu aliyekwisha kuisikia. Kosa jingine ni kumruhusu mzungumzaji aongeze mambo mapya kila raundi. Mambo yabaki yaleyale ili akili ishughulike na namna ya kuyasema. Kwa wanaoanza, 3/2/1 inatosha.

Mwalimu afanye nini wakati wanaongea

Azunguke na daftari, na azibe mdomo wake. Ukurasa ugawanywe pande mbili: upande mmoja kauli nzuri, upande mwingine kauli zenye kosa, zote zikiandikwa neno kwa neno kama zilivyosemwa, bila majina. Kuingilia kati ni pale tu maana imefungika kabisa na kikundi kimekwama.

Kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imesahihishwa, halafu kuendelea, ni tabia ya karibu kila mwalimu. Inaonekana ya upole, lakini mara nyingi haifiki. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya watoto waliokuwa wakifundishwa kwa Kifaransa nchini Kanada, waliona kwamba walimu walitumia njia hiyo katika zaidi ya nusu ya masahihisho yao, nayo ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote katika kumfanya mtoto aitikie sahihisho. Sababu ni rahisi kuiona: mwanafunzi anadhani unakubaliana naye. Kumuuliza "Pardon?" au kumtajia mwanzo wa sentensi na kumwachia amalizie kunamlazimisha afikiri.

Zile dakika 10 za mwisho, chagua kauli sita tu, nne zenye kosa na mbili nzuri. Ziandike zikiwa zimechanganywa, wawiliwawili waamue zipi zina tatizo, kisha wazirekebishe. Ukiweka kumi na tano, watazinakili zote kwenye daftari na hawatakumbuka hata moja.

Yanayoharibika

Mmoja anakula muda wote. Mpe kila mtu vipande vinne vya karatasi. Kila anapozungumza anaweka kimoja mezani, na vikiisha anabaki na ruhusa ya kuuliza maswali tu. Siku za kwanza msemaji mkuu atamaliza vyake mapema, kisha atajifunza kuvipima. Mwenye kimya naye, vipande vyake vikiwa bado mkononi, analazimika kuzungumza, lakini kwa sheria ya mchezo, si kwa kidole cha mwalimu.

Wote wamekubaliana mapema mno. Hapo kisa ni legevu. Ongeza taarifa moja kwenye karatasi ndogo katikati ya mazungumzo: seremala ameambiwa oda inatakiwa siku tano mapema. Andaa taarifa mbili za namna hii kabla ya kipindi na usizitoe kama hazihitajiki.

Wanarudi kwenye Kiswahili. Mara nyingi ni dalili kwamba kazi imezidi kiwango au vifungu havitoshi, kwa hiyo faini na makemeo havisaidii. Ruhusu Kiswahili waziwazi katika zile dakika 3 za kupanga, kisha kifunge. Mtu akikwama katikati, awe na sentensi mbili tayari: "How do you say …?" na "Let me put it another way". Ya pili ina thamani kubwa zaidi, kwani inamzoeza kuzunguka neno asilolijua.

Kisha kuna jambo zito zaidi. Mambo ya jamii ni maisha ya mtu aliyekaa kiti cha tatu. Deni, ulevi nyumbani, talaka, kukosa kazi: yupo darasani aliyeyaacha mlangoni asubuhi hiyo. Wachapishaji wengi wa vitabu vya kufundishia Kiingereza hukwepa siasa, pombe, dini, ngono na dawa za kulevya, na matokeo yake ni vitabu visivyo na maisha. Sikubaliani na kukwepa kila kitu, lakini nakubali kwamba lazima kuwe na uzio. Kisa chenyewe ndicho uzio: watu wanazungumzia muuguzi na seremala, na anayetaka kusema yake anaweza kuyasema kupitia wao. Usiulize kamwe "nani kati yenu amewahi…". Kila mtu awe na haki ya kusema "I'd rather not answer that", na ifundishe sentensi hiyo siku ya kwanza, kabla haijahitajika. Ukatili wa nyumbani, kujiua na misiba ya karibuni siviweki kwenye kisa cha darasa la lugha hata kidogo. Mwalimu wa mazungumzo hana nyenzo za kubeba kitakachomwagika.

Mtu akifunguka licha ya hayo yote, sarufi isimame. Usiandike makosa yake, usimsahihishe, usimshukuru kwa "mfano mzuri". Msikilize amalize, mjibu kama binadamu, wahamishie wengine kwenye hatua inayofuata, na umtafute kwa faragha kipindi kikiisha.

Darasa likiwa mtandaoni

Vikundi viwe vya watatu badala ya wanne, kwa sababu kwenye skrini mtu wa nne hujificha kwa urahisi. Maelekezo na vifungu vibandikwe kwenye gumzo kabla ya kuwagawa kwenye vyumba vidogo vya programu, kwani katika programu nyingi hawataona tena kile unachoonyesha wakishaingia huko. Taja muda kamili wa kurudi. Kila chumba kiwe na mwandishi anayejaza ratiba kwenye hati moja ya pamoja. Ukiitazama hati hiyo unajua chumba kipi kimekwama bila kuingia na kuwakatisha.

Kipindi kinachofuata, mtandaoni au ana kwa ana, usikimbilie mada mpya. Rudisha kisa kilekile na sharti moja limebadilika: sasa muuguzi amehamishiwa zamu ya mchana, na aliyeanza kulalamika ni mwanafunzi wa ghorofa ya juu anayejiandaa kwa mtihani. Vifungu ni vilevile, ratiba inaandikwa upya, na yale makosa manne ya juma lililopita yabaki pembeni mwa ubao mpaka wote wameketi, kisha yafutwe.